Chumba cha Kazi Ndani ya Nyumba: Historia ya Meza, Kiti na Kodi ya Mapato katika Nchi Jirani

Mwanafunzi mpendwa, neno "kodi" katika Kiswahili lina maana mbili zinazokutana mlangoni mwa nyumba. Kodi ni fedha ambayo raia huilipa serikali kwa mujibu wa sheria. Kodi pia ni fedha ambayo mpangaji humlipa mwenye nyumba. Jirani zetu wa Kenya hupenda kuzitenganisha maana hizo: chombo kinachokusanya fedha za serikali hukiita Mamlaka ya Ushuru, na neno kodi aghalabu humwachia mwenye nyumba. Sisi wa Tanzania tuna Mamlaka ya Mapato, na neno ushuru tunalitumia zaidi kwa tozo za bidhaa, kama vile ushuru wa forodha.

Leo nataka tulitazame swali linalozikutanisha maana hizo mbili. Mtu anayefanya biashara yake nyumbani, tuseme mfasiri, mhasibu au mchoraji wa ramani za majengo, hununua meza, kiti na kabati la kuwekea majalada. Je, gharama ya samani hizo ni ya nyumba au ni ya kazi? Ikiwa ni ya nyumba, sheria haitaitazama. Atalipa kodi ya mapato kana kwamba hakununua kitu. Ikiwa ni ya kazi, itapunguzwa katika mapato yake kabla kodi haijakokotolewa. Swali laonekana dogo, lakini limekuwapo mahakamani na mabungeni kwa zaidi ya karne mbili, na njia lililopita hadi kufika Nairobi, Kampala na Dar es Salaam yafaa kujulikana.

Wakati nyumba yenyewe ilipotozwa

Katika nchi zetu, kodi ya kikoloni ilianza na nyumba. Utawala wa Wajerumani katika Afrika Mashariki ulianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na rupia 3 zikawa ndicho kiwango kilichozoeleka vijijini. Huko Buganda, Mkataba wa 1900 baina ya Waingereza na Buganda nao uliweka rupia 3 kwa kila nyumba, na rupia 3 nyingine kwa mwenye bunduki. Katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya, kanuni za kodi ya nyumba zilitungwa katika miaka hiyohiyo.

Angalia tabia ya kodi ile. Haikuuliza mwenye nyumba amepata nini mwaka ule, wala ametumia nini ili apate. Ilihesabu paa. Aliyevuna na aliyekosa mvua walilipa sawa. Tena kodi ile haikuwa na nia ya kujaza hazina tu. Ilikusudiwa kumlazimisha mwananchi atafute fedha, ama kwa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya wageni, ama kwa kulima zao la kuuza. Vita vya Maji Maji, vya 1905 hadi 1907, vilikuwa na sababu kadhaa, na kilimo cha pamba kwa shuruti kilikuwa mojawapo ya zile kubwa. Lakini kodi nayo ilikuwa katika orodha ya manung'uniko.

Kwa hiyo babu zetu waliijua kodi kama kitu kinachoifuata nyumba. Wazo kwamba sehemu ya nyumba yaweza kumpunguzia mtu kodi lilitoka katika aina nyingine kabisa ya kodi, ile inayouliza: umepata nini, na umetumia nini ili upate?

Maneno machache kutoka Uingereza

Kodi ya mapato ilianza Uingereza mwaka 1799, chini ya Waziri Mkuu William Pitt, ili kugharamia vita dhidi ya Ufaransa. Ilifutwa, ikarudishwa, ikafutwa tena mwaka 1816. Mwaka 1842 Robert Peel aliirudisha kwa kiwango cha peni 7 katika kila pauni, kwa wenye mapato yaliyozidi pauni 150 kwa mwaka. Ilitangazwa kuwa ya muda. Mpaka leo haijaondoka.

Ndani ya sheria ya 1842 mlikuwa na masharti mawili yanayotuhusu. La kwanza lilisema kwamba mfanyabiashara hataruhusiwa kupunguza katika faida yake fedha yoyote isipokuwa ile iliyotumika yote, na kwa ajili ya biashara hiyo pekee. La pili lilikataza kupunguza matumizi ya kujitunza mtu na jamaa yake, pamoja na kodi ya pango la nyumba anayoishi, isipokuwa kwa ile sehemu ya nyumba inayotumika kwa biashara.

Jiulize kwa nini watunga sheria waliweka isipokuwa hiyo. Katika miji ya Uingereza ya wakati ule, wenye maduka wengi waliishi juu ya duka au nyuma yake. Fundi viatu alilala chumba kimoja na kushona katika chumba kingine. Sheria isiyotambua jambo hilo ingemwonea. Hivyo chumba cha kazi ndani ya nyumba kiliingia katika sheria mapema kabisa, miaka mingi kabla ya kuwapo kompyuta na mikutano ya mtandaoni.

Lakini lile neno "pekee" lilikuwa na makali. Mwaka 1952 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kesi ya Newsom dhidi ya Robertson. Wakili mmoja alikuwa na ofisi London, na nyumbani kwake Whipsnade alikuwa na vitabu vya sheria alivyovisoma jioni na siku za mapumziko. Aliomba nauli ya safari zake baina ya nyumba na ofisi ihesabiwe kuwa gharama ya kazi. Mahakama ilikataa: ingawa alifanya kazi nyumbani, alisafiri kwenda huko kwa sababu ndiko alikoishi.

Kesi mashuhuri zaidi ni ya Mallalieu dhidi ya Drummond, iliyoamuliwa na Baraza la Malodi mwaka 1983. Wakili Ann Mallalieu alinunua nguo nyeusi ambazo taratibu za mahakama zilimtaka azivae, na ambazo asingezinunua kwa hiari yake. Alisema gharama ile ni ya kazi. Majaji wanne kati ya watano walimkatalia. Walisema kwamba hata kama akilini mwake alifikiria kazi tu, nguo zilimpa pia joto na sitara ambayo kila mwanadamu anaihitaji. Kulikuwa na makusudi mawili. Kwa hiyo sharti la "pekee" halikutimizwa.

Sasa uweke kiti cha ofisi mahali pa zile nguo. Kiti kilichomo chumba cha kazi, ambacho hakikaliwi ila wakati wa kazi, ni rahisi kukitetea. Kiti hichohicho kikiwa sebuleni, watoto wakikikalia jioni kutazama televisheni, tayari kina makusudi mawili. Kiti hakikubadilika, kilichobadilika ni maisha yanayokizunguka.

Sheria moja kwa nchi tatu

Maneno hayo yalifikaje kwetu? Kenya ilijaribu kodi ya mapato mwanzoni mwa miaka ya 1920, lakini walowezi wa Kizungu waliipinga na ikaondolewa. Ilirudi mwaka 1937. Uganda na Tanganyika zilifuata mwaka 1940, wakati vita vikuu vya pili vikidai fedha. Ukusanyaji uliwekwa chini ya idara moja ya pamoja yenye makao yake Nairobi. Mwaka 1952, na tena mwaka 1958, zilitungwa sheria za usimamizi wa kodi ya mapato zilizohusu nchi zote tatu. Kila nchi ilijiwekea viwango vyake, lakini kanuni za kukokotoa mapato zilikuwa za pamoja, na mtihani wa gharama ulikuwa uleule wa Uingereza: iwe imetumika yote, na kwa ajili ya kupata mapato pekee.

Hili ni jambo ambalo wanafunzi wengi wa historia hulisahau. Tunapoikumbuka Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, tunataja reli, posta na shirika la ndege. Lakini kwa miaka mingi mwenye biashara wa Mombasa, wa Jinja na wa Tanga walijaza fomu chini ya sheria moja ya kodi ya mapato. Umoja huo ulivunjika kabla ya Jumuiya yenyewe kuvunjika mwaka 1977. Kenya na Tanzania zilitunga sheria zao wenyewe mwaka 1973, na Uganda mwaka 1974. Tangu hapo kila ndugu amelea mtoto wake.

Ndugu watatu, maneno mawili

Hapa nakuomba usome kama mwanafunzi wa lugha, kwa maana tofauti ya neno moja huweza kuwa tofauti ya fedha.

Kenya, katika Sheria yake ya Kodi ya Mapato ya 1973 ambayo ingali inatumika pamoja na marekebisho mengi, ilibaki na maneno ya zamani: gharama iliyotumika yote na kwa ajili ya kupata mapato hayo pekee. Kando yake imekataza gharama za kujitunza mtu, familia yake na makazi yake, au za kusudi lolote la binafsi au la nyumbani.

Tanzania ilitunga sheria mpya mwaka 2004. Ilipanga upya mambo mengi, lakini haikuliacha neno "pekee". Gharama za matumizi ya mtu binafsi zimekataliwa. Gharama za biashara zinaruhusiwa ikiwa zimetumika zote katika kuzalisha mapato, na kwa ajili hiyo tu.

Uganda ilichukua njia nyingine. Sheria yake ya 1997 inaruhusu gharama "kwa kadiri" zilivyotumika katika kuzalisha mapato, na inakataa gharama "kwa kadiri" zilivyo za nyumbani au za binafsi. Maneno hayo ni kama mizani. Mahali ambapo neno "pekee" linauliza ndiyo au hapana, maneno "kwa kadiri" yanauliza kiasi gani. Mfasiri wa Kampala mwenye meza ambayo nusu ya matumizi yake ni kazi na nusu ni masomo ya watoto, ana msingi katika maneno ya sheria wa kudai ile nusu ya kazi.

Usidhani, hata hivyo, kwamba neno "pekee" limefunga mlango kabisa. Uingereza kwenyewe, sheria ya 2005 inasema wazi kwamba gharama yenye makusudi mawili haizuii kupunguzwa kwa sehemu yake inayotambulika kuwa ni ya biashara pekee. Ndiyo maana chumba kilichotengwa kina nguvu kuliko pembe ya sebule. Kuta zake ni ushahidi. Ukiweza kusema kwamba nyumba ina vyumba vitano na kimoja ni cha kazi tu, unayo sehemu inayotambulika.

Meza haiishi siku moja

Tuje sasa kwenye samani zenyewe. Hata pale ambapo meza imekubaliwa kuwa ya kazi, bei yake yote kwa kawaida haipunguzwi kwa mara moja. Sababu yake ni rahisi: karatasi na wino huisha, lakini meza hudumu. Sheria huiita meza mali ya mtaji, na humruhusu mwenye biashara apunguze sehemu yake kila mwaka kadiri inavyochakaa. Hilo ndilo punguzo la uchakavu.

Viwango hutofautiana. Tanzania, chini ya sheria ya 2004, samani za ofisi zimo katika daraja la asilimia 12.5 kwa mwaka, na kompyuta katika daraja la asilimia 37.5. Kenya, tangu marekebisho ya 2020, samani zina asilimia 10 na kompyuta asilimia 25. Uganda samani za ofisi zina asilimia 20 na kompyuta asilimia 40. Nchi zote tatu zinakubaliana kwamba kompyuta huzeeka haraka kuliko meza, jambo ambalo kila mwenye kompyuta analijua.

Chukua mfano wa Tanzania. Mhasibu amenunua meza na kiti kwa shilingi 400,000 kwa ajili ya chumba chake cha kazi. Mwaka wa kwanza hupunguza asilimia 12.5, yaani shilingi 50,000. Zinabaki 350,000. Mwaka wa pili asilimia 12.5 huhesabiwa juu ya hizo zilizobaki, yaani shilingi 43,750. Na kadhalika.

Hapa pana kosa linalosikika kila mahali, nalo ni kudhani kwamba serikali "inarudisha" bei ya meza. Haifanyi hivyo. Zile shilingi 50,000 zinaondolewa katika mapato, si katika kodi. Ikiwa mhasibu huyo analipa kiwango cha juu cha asilimia 30, kodi yake inapungua kwa shilingi 15,000 mwaka ule. Aliyenunua meza asiyoihitaji ili apunguze kodi ametoa shilingi mia nne elfu mfukoni ili aokoe elfu kumi na tano. Haba na haba hujaza kibaba, lakini si kwa njia hiyo.

Walioachwa nje ya mlango

Wako watu wa makundi mawili ambao sheria hizi haziwasaidii, na ni wengi kuliko wanaosaidiwa.

Kundi la kwanza ni waajiriwa. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipowafanya watu wengi wa ofisini wafanyie kazi mezani pa chakula, swali la kiti na meza liliwafikia hata wale ambao hawajawahi kumiliki biashara. Uingereza iliwaruhusu waajiriwa waliolazimika kufanyia kazi nyumbani kudai nafuu juu ya pauni 6 kwa wiki, na kwa muda ikasamehe kodi katika fedha ambazo mwajiri alimrudishia mfanyakazi aliyenunua vifaa vya ofisi ya nyumbani. Lakini sheria ya Tanzania inaruhusu gharama katika mapato ya biashara na ya uwekezaji. Mshahara haumo katika mlango huo. Kwa mwajiriwa, njia iliyo salama ni mwajiri mwenyewe anunue meza na ibaki kuwa mali ya ofisi. Hapo gharama inakuwa ya biashara ya mwajiri.

Kundi la pili ni wafanyabiashara wadogo wanaotozwa kwa kuangalia mauzo yao. Tanzania utaratibu huo unawahusu watu binafsi wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 100 kwa mwaka; Uganda, wasiofika milioni 150 za nchi hiyo; Kenya, sheria ya fedha ya 2023 iliweka asilimia 3 kwa mauzo ya kati ya milioni 1 na milioni 25. Mshonaji anayeshona nguo chumbani kwake, akiwa katika utaratibu huu, hawezi kudai meza, wala kiti, wala cherehani. Sheria imemrahisishia hesabu, na malipo ya urahisi huo ni kwamba haimuulizi ametumia nini. Tazama jinsi tunavyokaribia tena ile kodi ya kuhesabu paa: aliyepata faida kubwa na aliyepata faida ndogo, mauzo yao yakiwa sawa, hulipa sawa.

Na hata aliye ndani ya mlango ana kizuizi kimoja: risiti. Meza nzuri za nchi zetu hazitoki katika maduka yenye vioo peke yake. Zinatoka kwa mafundi seremala wa Keko jijini Dar es Salaam, na kwa wale wa kandokando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi. Fundi hupokea fedha mkononi, na shukrani yake ndiyo risiti. Lakini Tanzania inadai risiti ya mashine ya kielektroniki, Uganda ina mfumo wake wa ankara za kielektroniki, na Kenya imeweka sheria kwamba tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya kielektroniki haikubaliwi, isipokuwa zile zilizosamehewa. Hivyo mwenye biashara anavutwa pande mbili: anunue kwa fundi wa mtaani na apoteze punguzo, au anunue dukani, pengine kwa bei ya juu, apate karatasi. Sheria iliyotungwa ili kutenda haki kwa anayefanyia kazi nyumbani inaweza, bila kukusudia, kumnyima riziki fundi aliyeichonga meza yenyewe.

La kuondoka nalo

Tulianza na serikali iliyohesabu nyumba bila kuuliza chochote. Tumefika kwenye serikali inayouliza kila chumba ni cha nini. Mabadiliko hayo ni makubwa, nayo yamempa raia haki ambayo babu yake hakuwa nayo: haki ya kujibu. Lakini haki ya kujibu ina wajibu wake. Anayedai ndiye anayethibitisha. Tenga chumba ukiweza; andika tarehe na bei; tunza nyaraka kwa muda usiopungua miaka mitano, ambao sheria za Kenya na Tanzania zinautaka. Na kwa kuwa viwango hubadilika bajeti zinaposomwa kila Juni, soma sheria ya mwaka wako, wala usitegemee ya mwaka jana.

Mali bila daftari huisha bila habari, walisema wahenga.

Maswali ya kujadili darasani:

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya gharama iliyotumika "kwa ajili ya mapato pekee" na gharama inayokubaliwa "kwa kadiri" ilivyotumika kuzalisha mapato. Ni ipi unaiona ya haki zaidi, na kwa nini?

2. Kodi ya mauzo ya wafanyabiashara wadogo inafanana na kodi ya nyumba ya 1898 kwa jambo gani, na inatofautiana nayo kwa jambo gani?

3. Ungekuwa mbunge, ungefanya nini ili meza ya fundi seremala wa mtaani ikubaliwe kuwa gharama halali bila kufungua mlango wa udanganyifu?